Jinsi Seli Inavyotambua Protini za Kuvunjwa, na Jinsi Saratani Inavyoiingilia Kazi Hiyo

Katika vitabu vyetu vya biolojia vya sekondari, sura ya protini huhusu zaidi namna protini zinavyotengenezwa. DNA hutoa nakala, ribosomu huisoma nakala hiyo, na asidi amino huunganishwa moja baada ya nyingine mpaka protini ikamilike. Mwanafunzi hufunga kitabu akidhani kwamba habari imekwisha. Lakini protini nyingi hazidumu. Baadhi huishi siku nyingi, nyingine huishi dakika chache tu, kisha huvunjwa. Tena huvunjwa kwa uchaguzi, hata ikawa kwamba katika seli moja na kwa wakati mmoja protini hii huangamizwa na jirani yake huachwa. Uchaguzi huo hufanywa na nini? Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo, na mfano wake mkuu utatoka katika saratani ya mlango wa kizazi, ambayo katika Afrika Mashariki ni miongoni mwa saratani zinazoua wanawake wengi zaidi.

Fumbo la nishati

Mwalimu aliyefundisha mmeng'enyo wa chakula anajua kwamba pepsini ya tumboni huweza kuvunja protini za nyama ndani ya bomba la majaribio bila kuongezewa nishati yoyote. Kuvunjika kwa protini ni kama maji yanayoteremka mlimani. Kwa hiyo wataalamu walishangaa ilipoonekana, mwaka 1953, katika vipande vya ini vilivyohifadhiwa katika maabara, kwamba seli hutumia nishati ili kuvunja protini zake yenyewe. Ni nani alipaye nauli ya kuteremka mlima?

Fumbo hilo lilifumbuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 na Avram Hershko na mwanafunzi wake Aaron Ciechanover wa Haifa, Israel, wakishirikiana na Irwin Rose wa Philadelphia, Marekani. Walipasua chembe nyekundu changa za damu ya sungura, wakachukua maji yake, wakayatenga mafungu mawili. Hakuna fungu lililoweza kuvunja protini peke yake. Yalipochanganywa, kazi ilirudi. Ndani ya fungu moja mlikuwa na protini ndogo ambayo hata ilipochemshwa haikuharibika. Jambo la ajabu ni kwamba protini hiyo haikuwa kimeng'enya cha kuvunja chochote. Ilikuwa ikijibandika juu ya protini zilizotakiwa kuvunjwa. Mwaka 1980 ikathibitika kuwa ni yubikwitini, protini ya asidi amino 76, iliyokwisha kujulikana tangu mwaka 1975, na ambayo jina lake latokana na neno la Kilatini lenye maana ya "kila mahali". Wataalamu hao watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004.

Yubikwitini, basi, ni alama. Karani wa ghala la bandarini huweka chapa juu ya gunia la kutolewa, na wachukuzi hawaulizi zaidi. Katika seli, alama hiyo hubandikwa na vimeng'enya vitatu vinavyopokezana. Cha kwanza hutumia ATP kuiamsha yubikwitini. Cha pili huibeba. Cha tatu, kiitwacho ligasi, huishika protini inayohusika na kusababisha yubikwitini iunganishwe nayo, kwa kawaida juu ya asidi amino iitwayo lisini. Kisha yubikwitini ya pili huunganishwa juu ya ile ya kwanza, ya tatu juu ya pili, mpaka uwe mnyororo. Mnyororo wa yubikwitini nne au zaidi, zilizounganishwa kwa namna maalumu, hutosha kuipeleka protini hiyo kwenye protiasomu, chombo chenye umbo la pipa ambacho ndani yake mna makali ya kukata. Yubikwitini huondolewa mlangoni ili itumike tena. Protini hukunjuliwa, ikavutwa ndani, ikatoka vipande vifupi. Sehemu ya nishati iliyowashangaza watu wa mwaka 1953 hutumika kutia alama, na sehemu nyingine kukunjua na kuvuta.

Idadi ya vimeng'enya hivyo katika mwili wa binadamu yenyewe inatuelekeza kwenye jibu. Vya hatua ya kwanza ni viwili tu. Vya hatua ya pili ni kama 40. Lakini ligasi zapita 600. Pale penye aina nyingi hivyo ndipo penye uchaguzi.

Maana ya kutambua

Tunaposema kwamba ligasi "inatambua" protini fulani, msomaji asifikiri kwamba ina macho au akili. Kutambua hapa ni kushikana. Protini mbili zikigongana ndani ya umajimaji wa seli, nazo hugongana mara nyingi mno, hushikamana iwapo nyuso zao zinapatana: penye shimo hapa pawe na kinundu pale, penye chaji chanya hapa pawe na chaji hasi pale, na sehemu zinazoyakimbia maji zikutane na sehemu nyingine za aina hiyo. Zisipopatana, huachana mara moja. Tena si lazima protini nzima ishiriki. Mara nyingi ligasi hushika kipande kifupi tu cha asidi amino chache, nacho huitwa degroni.

Mfano unaofahamika vizuri kupita yote ni ule wa protini ya p53 na ligasi yake, MDM2. Protini ya p53, iliyogunduliwa mwaka 1979, ni mkufu wa asidi amino 393, na kazi yake ni ulinzi. DNA ikijeruhiwa, p53 huwasha jeni zinazosimamisha mgawanyiko wa seli ili jeraha litengenezwe. Jeraha likizidi, huiongoza seli ijiue. Mlinzi wa namna hii ni hatari akiwa kazini wakati wote. Kwa hiyo katika seli isiyo na tatizo, MDM2 huishika p53 kila inapotengenezwa na kuitia alama, hata nusu ya p53 iliyopo huvunjwa kwa muda wa nusu saa hivi.

Mahali inaposhikwa palionekana wazi mwaka 1996, wataalamu wa Marekani walipochora umbo la vipande hivyo viwili kwa kutumia miali ya eksirei. MDM2 ina mfuko wenye kina. Mwanzoni mwa mkufu wa p53 pana kipande kifupi ambacho hujisokota kama parafujo, kikaingiza mfukoni asidi amino tatu: fenilalanini iliyo nafasi ya 19, triptofani ya 23 na lusini ya 26. Zote tatu ni za aina inayoyakimbia maji. Badili moja kati yake kwa asidi amino ndogo, na mshiko hulegea.

Hapa pana hesabu ambayo darasa laweza kuifanya. Katika msokoto wa namna hii, kila asidi amino huzunguka nyuzi 100 kutoka kwa ile iliyotangulia. Kutoka nafasi ya 19 hadi ya 23 ni hatua nne, yaani nyuzi 400, ambazo ni mzunguko mmoja kamili na nyuzi 40. Kutoka 19 hadi 26 ni hatua saba, yaani nyuzi 700, ambazo zapungua nyuzi 20 tu kutimiza mizunguko miwili. Maana yake ni kwamba zote tatu, ingawa hazifuatani katika mkufu, zimeelekea upande mmoja wa parafujo. Mwanafunzi akikisokota kipande cha waya juu ya penseli na kutia alama ya rangi mahali hapo patatu, ataliona jambo hilo kwa macho yake kuliko ninavyoweza kulieleza.

Ligasi hii ni ya lazima kiasi gani? Mwaka 1995 makundi mawili ya watafiti yalitoa habari ya panya waliondolewa jeni ya MDM2. Walikufa wangali mimba changa. Lakini walipoondolewa jeni ya p53 pia, walizaliwa na kukua. Kilichokuwa kikiwaua, basi, ni p53 isiyo na wa kuizuia.

Na DNA ikijeruhiwa, mlinzi huachiliwaje? Vimeng'enya viitwavyo kinasi hubandika vikundi vya fosfati juu ya p53, karibu na kile kipande kinachoingia mfukoni, na juu ya MDM2 yenyewe. Fosfati ina chaji hasi na hupenda maji. Mshiko huharibika, p53 huongezeka. Wakati huohuo p53 huiwasha jeni ya MDM2, yaani mlinzi humwita yule atakayemrudisha nyumbani kazi ikiisha. Katika baadhi ya saratani, hasa za tishu laini zinazozunguka misuli na mafuta, jeni ya MDM2 imerudufiwa mara nyingi, na ligasi imekuwa tele mno. Jeni ya p53 ni nzima, lakini p53 haipati nafasi ya kufanya kazi. Mwaka 2004 watafiti wa kampuni ya Roche walitangaza vitu vidogo, viitwavyo nutlini, vinavyokaa katika ule mfuko mahali pa asidi amino zile tatu na kuiacha p53 huru. Dawa za namna hiyo zimejaribiwa kwa wagonjwa. Madhara yake kwa seli za damu yamekuwa kikwazo, jambo ambalo halishangazi tukiwakumbuka wale panya.

Alama juu ya alama

Kwa p53, fosfati huzuia kutambuliwa. Pengine alama ya kemia hufanya kinyume chake. Protini iitwayo HIF huwasha jeni za kuukabili upungufu wa oksijeni, kama vile ile inayoongeza chembe nyekundu za damu kwa mtu anayekaa juu milimani. Oksijeni ikiwapo ya kutosha, kimeng'enya fulani huitumia kubandika kikundi cha haidroksili juu ya prolini mbili za HIF. Ni atomu moja tu ya oksijeni kwa kila prolini. Lakini ligasi yenye sehemu iitwayo VHL haiishiki HIF barabara isipokuwa atomu hiyo ipo. Oksijeni ikipungua, alama haibandikwi, HIF haitambuliwi, nayo hujikusanya. Katika saratani nyingi za figo jeni ya VHL imeharibika. Seli huishi kana kwamba imekosa hewa, na hujiitia mishipa mipya ya damu ingawa hewa ipo. William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2019 kwa kuonyesha jinsi seli zinavyopima oksijeni.

Kirusi mshenga

Sasa tufike kwenye mlango wa kizazi. Harald zur Hausen na wenzake wa Ujerumani walitenga aina ya 16 ya virusi vya papiloma kutoka katika uvimbe wa saratani hiyo mwaka 1983, na aina ya 18 mwaka uliofuata. Zur Hausen alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Aina hizo mbili husababisha kiasi cha asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani.

Kirusi hiki hakina mitambo yake cha kunakili DNA. Hutegemea mitambo ya seli, nayo huwashwa seli inapojiandaa kugawanyika. Kwa hiyo protini yake moja, E7, huisukuma seli igawanyike. Msukumo huo usio wa kawaida ungeiamsha p53, na p53 ingeisimamisha seli au kuiua. Ndiyo sababu kirusi kina protini nyingine, E6, ndogo, ya asidi amino 150 hivi.

Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba E6 ikitiwa katika bomba pamoja na p53 na maji ya seli, p53 huvunjwa kwa njia ya yubikwitini. Lakini E6 si ligasi, wala si kimeng'enya cha aina yoyote. Mwaka 1993 ikafahamika kwamba kazi hufanywa na ligasi ya mwili wetu wenyewe, iliyopewa jina la E6AP. Ligasi hiyo, ikiachwa peke yake, haiishiki p53. Nyuso zao hazipatani. Kikulacho ki nguoni mwako: kirusi hakikuleta silaha, kilileta utambulisho.

Mchoro wa umbo lao uliotolewa mwaka 2016 unaonyesha E6 ikifanya kazi ya mshenga. Ina bonde ambamo kipande kifupi cha E6AP, chenye lusini tatu zilizopangika kwa namna maalumu, hulala. Kipande hicho kikishakaa, umbo la E6 hutulia na uso mwingine hukamilika, nao ndio unaoishika p53. Ligasi na p53, zisizojuana, zimekutanishwa zikiwa karibu, na yubikwitini huanza kubandikwa. Utaratibu wa kupokezana ni uleule. Kilichoghushiwa ni hatua ya kutambua tu. Ni vizuri mwanafunzi aangalie pia kwamba E6 huishika p53 katikati ya mwili wake, si kwenye kile kipande cha mwanzo kinachoshikwa na MDM2. Kwa hiyo fosfati zinazoiponya p53 kutoka kwa MDM2 haziifai kitu hapa.

Aina ya 6 na 11 za virusi hivyohivyo, ambazo huleta chunjua za sehemu za siri na ni nadra mno kuleta saratani, zina E6 pia. Lakini E6 yao haiwezi kusababisha p53 ivunjwe hivyo. Tofauti ya asidi amino chache juu ya uso wa protini ndogo ni sehemu ya tofauti baina ya kero na kifo.

Twaweza kusema kwamba E6AP na iondolewe, tatizo liishe. Haiwezekani kirahisi. Watoto waliokosa kazi ya ligasi hiyo katika ubongo, kwa kuharibika kwa jeni iliyotoka kwa mama, hupata ugonjwa wa Angelman, wenye kifafa na kuchelewa sana kwa maendeleo ya akili.

Liko jambo lingine ambalo mimi naliona kuwa muhimu kuliko yote yaliyotangulia. Katika saratani kiasi cha nusu, jeni ya p53 yenyewe imeharibika. Katika saratani ya mlango wa kizazi jeni hiyo kwa kawaida ni nzima. Mlinzi hakufa; huzaliwa kila dakika, akachukuliwa kila dakika. Seli za HeLa, zilizotolewa katika uvimbe wa Henrietta Lacks huko Baltimore mwaka 1951 na zinazokuzwa katika maabara duniani kote, zina DNA ya aina ya 18. Majaribio yaliyotolewa mwaka 2000 yalizima jeni za E6 na E7 ndani ya seli hizo. Protini ya p53 ilirudi, na seli zilizokuwa zikigawanyika kwa karibu miaka 50 zikaacha kugawanyika.

Chanjo iliyopo haifanyi kazi mahali hapa. Imetengenezwa kwa protini ya ganda la kirusi, na huufundisha mwili kukizuia kirusi kisiingie ndani ya seli. Rwanda ilianza kuitoa kwa wasichana wa nchi nzima mwaka 2011, Uganda 2015, Tanzania 2018 na Kenya 2019. Seli ambayo E6 imo tayari haionyeshi ganda hilo, hivyo chanjo haiiponyi, na hii ndiyo sababu msichana huchanjwa mapema ilhali mama yake hushauriwa kupimwa. Kipimo cha siki kinachotumika katika zahanati nyingi, ambacho huzifanya sehemu zenye seli zilizoharibika zigeuke nyeupe, huwezesha seli hizo kuondolewa kabla ya kuwa saratani.

Mshenga wa dawa

Hila ya kirusi imekuja kuonekana pia katika dawa. Thalidomaidi ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957, na wajawazito waliitumia kutuliza kichefuchefu; iliondolewa madukani huko mwaka 1961, baada ya maelfu ya watoto kuzaliwa wakiwa na mikono na miguu mifupi au bila viungo hivyo. Kwa karibu nusu karne hakuna aliyejua kinachoshikwa na dawa hiyo. Mwaka 2010 watafiti wa Japani walionyesha kwamba hukaa ndani ya mfuko wa serebloni, sehemu ya ligasi mojawapo. Ikikaa hapo hubadili kidogo uso wa ligasi, na ligasi huanza kushika protini ambazo hapo kwanza haikuzishika. Mojawapo, iliyotajwa mwaka 2018, ni SALL4, ambayo mimba huihitaji ili viungo viumbike.

Ndugu ya dawa hiyo, lenalidomaidi, hutumika kutibu saratani ya seli za uboho iitwayo mieloma. Mwaka 2014 ilielezwa sababu: hukutanisha serebloni na protini mbili, IKZF1 na IKZF3, ambazo seli za mieloma haziwezi kuishi bila hizo. Kutokana na hayo wakemia sasa hutengeneza molekuli zenye vichwa viwili, kichwa kimoja cha kushika ligasi, kingine cha kushika protini wanayotaka ivunjwe.

Mwalimu akitaka kujua kama somo limeeleweka, na alipe darasa swali hili. Wapo wagonjwa watatu. Uvimbe wa kwanza una MDM2 nyingi kupita kiasi na jeni ya p53 nzima. Uvimbe wa pili una jeni ya p53 iliyoharibika. Wa tatu ni saratani ya mlango wa kizazi yenye kirusi cha aina ya 16. Dawa inayoziba mfuko wa MDM2 yatarajiwa kumfaa nani, haitamfaa nani, na kwa nini? Kwa yule wa mlango wa kizazi, mwanafunzi achore ligasi, E6 na p53 zikiwa zimeshikana, kisha atie msalaba kila mahali ambapo molekuli ndogo ikiingia ingeweza kuutenganisha mkutano huo.